Akisharudi Kyerwa, Mgonjwa Aliyepunguzwa Tumbo Amwulize Nani?

Binti wa shangazi yangu, mfanyabiashara wa maharage wa upande wa Nkwenda wilayani Kyerwa, alipasuliwa tumbo katika hospitali moja nje ya nchi ili apunguze uzito. Ukoo mzima ulichanga. Upasuaji wenyewe haukuchukua hata saa mbili, na baada ya siku chache aliruhusiwa kutoka. Alirudi nyumbani na karatasi ya kurasa mbili, iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye maagizo ya chakula na namba ya simu. Karatasi ilimwagiza ale unga wa protini wa kopo, mtindi wa Kigiriki na mboga iitwayo brokoli. Namba ile aliipiga mara tatu: mara mbili haikupokewa, na mara ya tatu aliambiwa asubiri, akasubiri hata salio likaisha. Basi akanipigia mimi. Mimi hufundisha fiziolojia chuoni. Shahada yangu ya udaktari niliyoipata ng'ambo si ya kutibu watu. Swali lake lilikuwa jepesi mno hata likanitoa jasho: "Kaka, ndizi za kupika nianze kula lini, na kiasi gani?"

Sikuwa na jibu la kuaminika. Nilijua ukubwa wa mfuko wa chakula aliobakiwa nao, nilijua homoni zilizopungua, ningeweza kumchorea njia ya chakula tangu kinywani hadi mwisho wake. Lakini ndizi, kiasi gani, tangu siku ya ngapi, sikujua. Tangu siku hiyo nimekuwa na imani moja ambayo nakusudia kuitetea hapa: kwamba kundi la wagonjwa wanaosaidiana kwa simu, likiwa na muuguzi ndani yake na likizungumza Kiswahili, ni sehemu ya matibabu yenyewe. Hospitali inayompasua mtu pasipo kumwunganisha na kundi la namna hiyo imeiacha kazi katikati.

Yafaa kwanza kueleza upasuaji wenyewe. Mfuko wa chakula wa mtu mzima, ukijaa, huchukua lita moja hadi lita moja na nusu. Katika aina ya upasuaji inayofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari huondoa kiasi cha asilimia 80 ya mfuko huo, akabakiza bomba jembamba lenye umbo la ndizi, linalochukua mililita 100 hadi 150, yaani kikombe kidogo cha kahawa. Aina ya pili ilianzishwa na Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Hapo hutengenezwa kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo mwembamba kwa chini, hata chakula kikaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Iko pia njia isiyohitaji kisu, ya kuweka puto ndani ya mfuko wa chakula kwa muda wa miezi kadhaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya puto mwaka 2022, na upasuaji ukafuata. Kwa hiyo jambo hili si la nchi za mbali tena.

Upasuaji huu haukukusudiwa mtu aliyeongezeka kilo chache baada ya sikukuu. Mwanafunzi anaweza kufanya hesabu mwenyewe: chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.60 hupata 110 kugawanya kwa 2.56, nayo ni 43 kasoro kidogo. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 ulitaja 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wapasuaji wa fani hiyo viliteremsha vipimo hivyo kuwa 35 na 30. Faida yake si ya kubuni. Uchunguzi mkubwa ulioanzishwa Uswidi mwaka 1987, ukalinganisha watu wapatao 2,000 waliopasuliwa na wengine kama hao wasiopasuliwa, ulionyesha katika taarifa yake ya mwaka 2007 kwamba vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Uchunguzi huo huo, hata hivyo, ulionyesha jambo la pili ambalo watu hawapendi kulisikia: uzito hufika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha sehemu yake hurudi.

Kwa nini hurudi? Sehemu ya mfuko inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, iliyogunduliwa na Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa mwaka 1999. Homoni hiyo ikipungua, mgonjwa hukaa miezi mingi bila kuhisi njaa ya kawaida, naye hudhani ameshinda vita. Lakini mwili una njia nyingi za kudai akiba yake. Mazoea hurudi, mfuko hutanuka kidogo, uji wa sukari na soda hupita bila kizuizi chochote, maana kitu cha majimaji hakijali udogo wa mfuko. Hapo ndipo mgonjwa anapohitaji mtu wa kumwambia kwamba hata yeye yalimkuta.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la vitamini, kwa kuwa humo ndimo hoja yangu ilimo. Vitamini B12 haipokelewi mwilini mpaka ishikamane na protini maalumu itolewayo na ukuta wa mfuko wa chakula. Ukiondoa sehemu kubwa ya mfuko, au ukikipitisha chakula pembeni yake, umepunguza mapokezi ya vitamini hiyo. Lakini ini lina akiba ya B12 ya kutosha miaka kadhaa! Kwa hiyo mgonjwa asiyemeza vidonge vyake haoni kasoro yoyote mwaka wa kwanza, wala pengine wa pili. Upungufu wa damu na ganzi ya miguu huja baadaye, wakati yeye mwenyewe amekwisha acha kujihesabu kuwa mgonjwa, na zahanati ya kijijini haina habari kwamba alipata kupasuliwa. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya ndizi na maharage. Vyote viwili ni chakula kizuri, lakini hakuna B12 hata chembe ndani yake. Hiyo hupatikana katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage nayo hupokelewa kwa shida, na kahawa au chai inayonywewa pamoja na chakula huzidi kuyazuia. Msomaji anajua kahawa inatoka wapi.

Vitamini B1 ni kinyume cha hiyo: akiba yake mwilini ni ya wiki mbili au tatu tu. Mgonjwa anayetapika mfululizo baada ya upasuaji anaweza kuanza kuchanganyikiwa, kuona mambo mawili mawili na kuyumba anapotembea. Hili ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Jirani atasema amelewa, au amerogwa. Mgonjwa mwenzake aliyeonywa na muuguzi atasema, "Nenda Nyakahanga sasa hivi." Au Isingiro, ikiwa yuko Kyerwa. Tofauti ya majibu hayo mawili yaweza kuwa tofauti kati ya mtu aliyepona na mtu aliyeharibika ubongo.

Kuna na mambo mengine yasiyoandikwa kwenye karatasi ya kurasa mbili, au yakiandikwa hayasemwi kwa lugha ya mahali. Pombe huingia katika damu upesi na kwa nguvu zaidi kwa mtu aliyepasuliwa, hususa yule aliyeunganishiwa utumbo. Sasa mwambie mtu huyo ahudhurie harusi ya Karagwe ambako rubisi huzungushwa, na kukataa kunaonekana dharau. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ilhali upasuaji mara nyingi huongeza uwezo wake wa kushika mimba, na vidonge vya kuzuia uzazi haviaminiki sana kwa aliyebadilishiwa njia ya chakula. Mwenye kisukari aliyezoea kuchoma sindano ya kiasi kile kile cha insulini, asipopunguziwa na daktari, anaweza kuzirai kwa sukari kushuka. Kila moja kati ya haya linataka ushauri wa mtu anayejua fani, na pia wa mtu aliyepitia njia hiyo akiwa na mama mkwe, shamba na misiba ya kuhudhuria.

Nimetaja misiba makusudi. Katika msiba wa kwanza alioshiriki binti ya shangazi baada ya kurudi, alikuwa amepungua kilo zaidi ya 20. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walinyamaza alipoingia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Jioni mmoja alimfuata kando akamshika mkono, akamwambia kwamba dawa siku hizi zipo na asione aibu.

Ili kuyafahamu hayo lazima ukumbuke Kagera imetoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huo mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujawa na jina la kitabibu, watu wa huko waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikitoka Uganda. Waganda ng'ambo ya mpaka waliuita Slim, yaani ugonjwa wa kukonda. Kizazi kizima kilijifunza kusoma kukonda kama tangazo la kifo. Na zamani zaidi ya hapo kusoma kulikuwa kwa upande wa pili. Msafiri wa Kiingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa Mtawala Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 jinsi wanawake wa jumba la mtawala walivyoneneshwa kwa maziwa, hata mmoja wao hakuweza kusimama. Speke alimpima: mzingo wa mkono inchi 23, paja inchi 31, yaani sentimita 58 na 79 hivi. Binti wa mama huyo, msichana wa miaka 16, alikuwa akinyonya kata la maziwa huku baba yake ameshika fimbo. (Nakiri kwamba kila nisomapo habari hiyo humwonea aibu zaidi mgeni anayepima mapaja ya shemeji wa mwenyeji wake.) Hao walikuwa watu wachache wa jumba la mtawala na ng'ombe wake, wala si mkulima wa kawaida. Hata hivyo yatosha kuonyesha kwamba katika nchi hii mwili haujawahi kuwa jambo la mtu binafsi. Unasomwa na kila apitaye.

Mgonjwa wetu basi ana upweke wa namna mbili: wa kukosa maarifa, na wa kutoaminiwa. Daktari anaweza kuutibu wa kwanza. Wa pili hauna dawa ila mgonjwa mwenzake.

Wazo la kuwakusanya wagonjwa ili watibiane si geni. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston, Marekani, aliwakusanya maskini wenye kifua kikuu darasani kila juma. Kila mmoja alikuwa na daftari la kuandika joto la mwili na chakula, na walishangilia aliyeongezeka uzito. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO mwaka 1987, wakiwa ni watu walioguswa na UKIMWI wenyewe. Huku kwetu WAMATA ilianza mwaka 1989. Watu wa Kagera hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote maana ya kundi la wagonjwa. Walilijua chini ya mti, kwenye uwanja wa zahanati na katika mabenchi ya kanisa, wakati ambapo dawa zenyewe hazikuwapo.

Kwa nini basi nisiseme nao wakutane chini ya mti? Kwa sababu ya hesabu. Wenye virusi vya UKIMWI walikuwa wengi katika kila kata. Waliopunguzwa tumbo ni wachache na wametawanyika: mmoja huenda yuko Murongo kando ya Mto Kagera, mwingine Kayanga, wa tatu Bukoba, na daktari aliyewapasua yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,300 kutoka hapo, au yuko ng'ambo. Hawawezi kukutana hata kwa mwezi mara moja. Ugonjwa ulioenea kijijini waweza kutosheka na mkutano wa kijiji. Hali iliyo nadra haina kijiji, na simu ndiyo inayoweza kuijengea.

Je, simu inaweza kweli kubadili afya ya mtu? Kuna uchunguzi wa Kenya ambao ningependa kila mwalimu wa sayansi aueleze darasani, kwa kuwa ulifanywa vizuri na ulifanywa kwa Kiswahili. Wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI katika zahanati tatu waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi mara moja kwa juma, wenye neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walizifuata dawa zao ipasavyo, wasiotumiwa, asilimia 50. Virusi vilishuka hadi kiwango kisichoonekana kwa asilimia 57 ya wale wa kwanza na asilimia 48 ya wale wa pili. Hakukuwa na mtandao wa kisasa wala picha. Lilikuwa neno moja ambalo hata mtoto hulisema, na mtu upande wa pili aliyejali jibu.

Kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito wenyewe, lazima niwe mwaminifu. Chunguzi kadhaa zimeonyesha kwamba wanaohudhuria vikundi hupungua uzito zaidi kuliko wasiohudhuria. Lakini nyingi kati yake hazikuwagawa watu kwa bahati nasibu, na mwanafunzi makini atauliza mara moja: je, kundi limempunguza, au mwenye bidii ya kupungua ndiye ajaye kwenye kundi? Swali hilo halijafungwa, na ushahidi juu ya makundi ya mtandaoni ni mchanga zaidi. Mimi natetea kundi kwa sababu nyepesi zaidi: vidonge vikumbukwe kwa miaka mingi, dalili za hatari zitambuliwe upesi, na mtu asinyamaziwe msibani pasipo kuwa na wa kumweleza.

Nayajua madhara. Kundi la WhatsApp lisilo na msimamizi huwa gulio. Atatokea muuza majani ya kuyeyusha mafuta. Atatokea mwenye kushauri vidonge viachwe kwa kuwa yeye aliviacha na hakufa (anasubiri akiba ya ini lake iishe, hajui). Atatokea anayeweka picha ya tumbo la mwenzake, na kesho picha hiyo imefika Omurushaka. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kuirudisha picha iliyokwisha kwenda. Kwa hiyo kundi liundwe na hospitali inayopasua, kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka. Awemo muuguzi au mtaalamu wa lishe ambaye kazi hiyo imeandikwa katika zamu zake, wala si hisani yake ya usiku. Kipimo cha dawa kisijadiliwe mbele ya wote. Anayeuza kitu atolewe bila mjadala. Na kwa asiye na simu ya kisasa, ambao wengi wao vijijini ni wanawake, ujumbe mfupi wa "Mambo?" watosha kabisa. Vilevile hospitali impe mgonjwa barua ya Kiswahili ya kupeleka kwenye zahanati yake, inayosema alifanyiwa nini na apimwe damu lini.

Mwenzangu mmoja idarani aliposoma rasimu ya makala haya aliniuliza kama sioni haya kuwasemea wanene katika mkoa ambao udumavu wa watoto bado ni tatizo kubwa. Swali ni la haki. Upasuaji huu ni ghali, wala sitaki fedha ya lishe ya mtoto ipelekwe huko. Lakini njaa ya mtoto na unene wa mama yake siku hizi hukaa katika nyumba moja, na mgonjwa aliyekwisha pasuliwa hawezi kurudishiwa mfuko wake. Kumwacha aharibikiwe na mishipa ya fahamu kwa kukosa vidonge na mtu wa kumwuliza hakumshibishi mtoto yeyote. Zaidi ya hayo, muuguzi atakayejifunza kuliongoza kundi la watu kumi wa namna hii anaweza kesho kuliongoza la wenye kisukari na la wenye shinikizo la damu, ambao katika Karagwe na Kyerwa si wachache hata kidogo.

Binti wa shangazi yangu alipata kundi lake mwishowe, baada ya miezi saba, kwa njia ya mwanamke wa Bukoba aliyekutana naye katika basi. Wako sita. Muuguzi mmoja mstaafu amekubali kuwasaidia. Jibu la ndizi alilipata humo: alianza na nusu ya ndizi iliyopondwa laini, baada ya kula kwanza yai au samaki wake, naye hutangulia kunywa maji nusu saa kabla ya chakula wala hayanywi pamoja nacho. Novemba iliyopita, senene walipoanguka, kundi lilijadili siku mbili nzima kama waliopasuliwa wanaruhusiwa kuwala. Muuguzi aliamua kwamba wana protini nyingi na mafuta mengi pia, basi waondolewe mabawa na miguu, watafunwe sana, na wasizidi kiganja. Aliniletea habari hiyo kwa simu akicheka, akaniuliza kama chuoni kwetu tunalifundisha jambo hilo.